Kikombe Kisichokosea

Mhadhara kwa wazazi, walimu na vijana wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa



Nimeombwa nizungumze juu ya chai ya uyoga. Aliyeniomba ni mwalimu mwenzangu. Mwanafunzi wake wa kidato cha tatu alisimama darasani akauliza, "Mwalimu, ni kweli kuna uyoga ukichemshwa ukanywewa, mtu anaona mambo ya mbinguni?" Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka, na mimi nilipohadithiwa sikucheka. Kijana ameona picha kwenye simu, amesikia mtu wa mbali akisifia, na amekuja kuuliza mahali panapostahili kuuliziwa. Tukimcheka, kesho atamwuliza mwingine, na huyo mwingine atamjibu kwa kikombe.

Basi jibu langu ni hili. Ndiyo, uyoga huo upo duniani, na kazi yake inajulikana. Lakini yapo maswali mawili yanayotangulia la kijana yule: huo uyoga nani anaujua, na kikombe kikidhuru nani atajibu? Nitayajibu hayo nikianzia nyumbani.

I. Kikapu cha bibi

Nimelelewa na bibi yangu milimani, juu ya Litembo, kwenye mashamba ya mashimo yaitwayo ngoro. Mvua za kwanza zikishanyesha na kumbikumbi wakaruka, alikuwa akiniamsha alfajiri twende kwenye vichuguu kabla jirani hajatuwahi. Uyoga wa vichuguuni ulikuwa sherehe kwetu. Mvua zikikolea tulishuka miomboni, chini ya miti ya masuku, ambako uyoga wa rangi ya kiini cha yai na wa rangi ya udongo huota palepale mwaka hadi mwaka. Bibi alijua mahali hapo kama anavyojua mlango wa jirani. Hakusoma, lakini alijua kitu ambacho mabingwa wa uyoga wanakieleza leo: uyoga wa miombo na mizizi ya miti hulishana chini ya ardhi, na ukikata mti, umekata na uyoga.

Nataka mtazame mikono yake. Kila uyoga aliugeuza, akaangalia chini ya mwavuli wake, akaunusa, akaufukua mpaka mwisho wa shina. Akiutambua, aliutaja jina na kuuweka kikapuni. Asipoutambua alisema neno moja tu: "Siujui." Hakusema ni wa sumu, wala hakusema pengine ni mzuri. Alisema haujui, akauacha.

Siku moja nikiwa na miaka kama saba, nilitaka kumfurahisha. Niliokota peke yangu uyoga mzuri mweupe, nikauchanganya na wake. Tulipofika nyumbani akauona. Hakunichapa. Alibeba kikapu chote, kazi ya asubuhi nzima, akaenda kukimwaga shimoni. Nililia. Jioni tukala ugali na majani ya maboga. Akaniambia, "Mjukuu wangu, njaa ya leo inaisha kesho. Uyoga usioujua ukiingia tumboni, hujui unaisha lini."

Baadaye nikasoma nikaelewa alichokijua. Mwaka 2003 wataalamu watatu, Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Finland pamoja na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa kitabu kinene juu ya uyoga wa Tanzania, unaolika na unaodhuru. Walipita vijijini wakiuliza wenyeji, kwa sababu elimu hiyo ilikuwa vichwani mwa akina mama na wazee kabla ya kuingia kitabuni. Na moja ya mambo yanayotisha katika elimu hiyo ni udugu. Katika kundi liitwalo Amanita umo uyoga mnene wa miombo unaopendwa sana kuanzia kwetu hadi Zambia na Malawi. Katika kundi hilohilo umo Amanita phalloides, unaoongoza kwa kuua watu duniani, ambao ulitoka Ulaya ukasafiri na miche ya miti hadi Afrika Kusini, Australia na Marekani. Ukoo mmoja: huyu anakulisha, yule anakuzika. Anayewatofautisha lazima awe amekaa nao muda mrefu.

II. Kilichomo ndani ya kikombe

Sasa tuje kwenye uyoga wa njozi. Ni wa aina nyingi, na kundi lake kubwa huitwa Psilocybe. Wengi ni uyoga mdogo wa rangi ya kahawia, unaota kwenye majani, kwenye miti iliyooza au kwenye mavi ya ng'ombe. Mwaka 1958 mkemia wa Uswisi, Albert Hofmann, alitenga kemikali yake na kuiita silosibini. Ikiingia mwilini, silosibini hugeuka kuwa silosini. Hiyo ndiyo hufika kwenye ubongo na kukamata vipokezi ambavyo kwa kawaida huhudumia serotonini, mjumbe anayeshughulika na hisia, usingizi na jinsi tunavyopokea dunia. Fikirini kituo cha redio ambacho mtu ameingia na kuhamisha nyaya: sauti zinaendelea, lakini ya huku inatokea kule.

Mnywaji wa chai hiyo huanza kuhisi mabadiliko ndani ya nusu saa au saa moja. Mboni za macho hutanuka, moyo huenda mbio, shinikizo la damu hupanda, wengi hupata kichefuchefu. Kisha rangi hukolea, kuta huonekana zinapumua, ukifumba macho unaona maumbo. Dakika huwa ndefu kama saa. Wengine hucheka bila sababu, wengine hulia, wengine husema wamejiona wameungana na kila kitu. Hali hiyo huchukua saa nne hadi sita, na baadaye mtu hubaki amechoka.

Sitawaficha kwamba wapo wanaosema walipata amani humo, na kwamba wengine wanasema kweli. Nikiwaficha, siku kijana atakapokutana na mtu wa namna hiyo ataona nilimdanganya, na hata niliyosema kweli hatayaamini. Lakini yapo mambo mawili ya kushika. Kwanza, mlango uleule unaoingiza amani huingiza hofu. Mtu anaweza kushikwa na kitisho asichowahi kukijua, akaamini anakufa, au kwamba rafiki zake wamepanga kumwua, na kwa saa kadhaa hakuna namna ya kuzima alichokiwasha. Pili, kikombe hakimwambii mtu mapema ni mlango upi utakaofunguka.

III. Vikombe vya ziwa letu

Mtu asidhani kikombe kinachobadilisha hatima ya mtu kimekuja na simu. Pande zote za ziwa hili, tangu zamani, kulikuwa na kikombe cha mwavi. Mwavi ni mti. Magome yake yalitwangwa yakatiwa maji, na mtuhumiwa wa uchawi au wizi akapewa anywe mbele ya watu. Akitapika, hana hatia. Akianguka akafa, alikuwa mchawi. David Livingstone aliuandika katika safari zake za miaka ya 1850 na 1860, na wazee wetu hawakuhitaji Livingstone kuwaambia. Kamusi za zamani za Kiswahili zinalipa neno kiapo maana mbili: maneno ya kuapa, na jaribio la sumu au la moto. Hata leo tunasema mtu amekula kiapo.

Elimu ya dawa inatuambia nini juu ya mwavi? Magome yake yana sumu inayoshika moyo. Hubadilisha mapigo mpaka moyo ukapoteza mwendo. Ambaye tumbo lake liliwahi kutapika, sumu ilitoka kabla haijaenea. Ambaye tumbo lake lilichelewa, alikufa. Tumbo halijui nani kaiba mbuzi. Walikufa watu wema, mama zetu na baba zetu, kwa sababu ya tumbo zito.

Kwa nini basi desturi ile ilidumu vizazi na vizazi kati ya watu wenye akili, waliojenga himaya na kulima milima hii? Nimelifikiria swali hili miaka mingi, na jibu ninaloliona ni kwamba mwavi haukuweza kukosea. Mtu akipona, watu walisema, "Mnaona? Mwavi umesema kweli." Akifa, walisema hivyohivyo. Hakuna matokeo hata moja ambayo yangemfanya mtu aseme, "Leo kikombe kimekosea." Aliyeweza kusema hivyo alikuwa marehemu peke yake.

Mkilishika jambo hili mtaliona mahali pengi. Katika miaka ya 1930 ilizuka Nyasaland, Malawi ya leo, dawa iliyoitwa mchape, kutoka neno la Kinyanja la kufua nguo. Ilikuwa unga mwekundu, ukitikiswa na maji unatoa povu kama la sabuni, na vijana waliizungusha kijiji kwa kijiji wakiwanywesha watu ili kuwasafisha uchawi. Mwaka 1935 mwanaanthropolojia Audrey Richards alichapisha aliyoyaona kwa Wabemba, katika Zambia ya leo, ambako dawa hiyo ilikuwa imefika. Mchape haukuua kama mwavi, na hiyo ilikuwa nafuu kubwa. Lakini ulikuja na onyo: aliyekunywa akirudia uchawi, dawa itamwua. Basi baada ya hapo kila aliyekufa kwa homa au kwa uzee, dawa ilikuwa na maelezo yake.

Niruhusuni, kwa heshima kubwa, niitaje na vita ya Maji Maji. Mwaka 1905 maji ya dawa ya mganga Kinjikitile, yaliyoaminiwa kuzuia risasi, yalitoka Ngarambe yakafika mpaka Ungoni, na tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani wakawanyonga mashujaa wetu pale Songea. Siwadharau hata kidogo. Maji yale yaliwaunganisha watu waliokuwa hawajawahi kusimama pamoja, na taifa hili linawaenzi kwa haki. Lakini maji yalikuwa na miiko, na mpiganaji alipopigwa risasi ilisemwa amevunja mwiko. Risasi ilimpata marehemu, na lawama ikampata yeye pia.

Na sisi tulio hai tusijione tumeerevuka. Mwaka 2011 nchi nzima ilielekea Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, dawa ya mti wa mugariga, kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilikwenda kilometa nyingi. Wapo waliotolewa vitandani hospitalini wakafia njiani. Wapo walioacha dawa za Ukimwi na za kisukari. Asiyepona aliambiwa avute subira, au imani yake ni ndogo. Mzee yule alifariki mwaka 2021, nami simhukumu nia yake. Wengi walimshuhudia kuwa mtu mpole aliyeishi kwa unyonge. Nakitazama kikombe tu: nacho kilikuwa hakikosei.

IV. Kikombe kipya, maneno yaleyale

Sasa sikilizeni wanaousifu uyoga wa njozi kwenye simu za watoto wetu. Mtu akinywa akaona mema, husema, "Uyoga umemfundisha." Akinywa akapiga kelele usiku kucha, husema, "Hakuwa tayari," au, "Aliupinga, angejiachia." Akibaki na hofu miezi mitatu, husema, "Bado uyoga unamfanyia kazi." Je, haya si maneno ya mwavi? Kikombe hakikosei. Anayekosea ni mnywaji.

Wengine watasema, "Lakini mababu wa mataifa mengine walitumia." Ni kweli, na inafaa tujue walitumiaje. Huko Huautla de Jiménez, katika milima ya Oaxaca nchini Mexico, aliishi mganga wa Kimazateki, María Sabina. Kwake uyoga ulikuwa wa usiku, wa maombi, na wa mgonjwa. Mwaka 1955 alimkaribisha mgeni, Gordon Wasson, mtu wa benki kutoka New York, na mwaka 1957 Wasson akaandika habari hizo katika gazeti la Life. Wageni wakamiminika kwa mamia. Hawakuwa wagonjwa, walikuja kumtafuta Mungu, jambo ambalo mama yule alisema halikuwa kazi ya uyoga. Polisi walikuja, wanakijiji wenzake walimlaumu, nyumba yake ilichomwa moto, naye akafa maskini mwaka 1985. Alisema tangu wageni waje, uyoga ulipoteza nguvu yake. Wasson aliupata umaarufu. Kijiji kilipata vumbi la magari.

Na katika Afrika yetu? Wataalamu walitangaza aina mpya, Psilocybe maluti, kutoka Afrika Kusini na Lesotho, na wakaeleza jinsi waganga wa Kisotho wanavyoutumia. Uyoga huo huingia katika dawa ya moto pamoja na kitunguu cha mmea mwingine wenye sumu. Mgonjwa huketishwa mbele ya kitu kinachoakisi kama kioo, akasema anachokiona, na mganga akamfasiria. Huko ndiko barani mwetu chai ya uyoga ilikoandikwa kwa ushahidi wa mganga mwenyewe. Tazameni yaliyomo: yupo mgonjwa, yupo mganga aliyerithi kazi, ipo sababu ya kunywa, yupo anayekaa hadi mwisho. Hakuna pakiti iliyotumwa kwa basi, wala vijana watano ufukweni usiku wa Jumamosi.

Hata hivyo, mganga peke yake hatoshi kuwa dhamana. Mwavi nao ulikuwa na mganga. Ulikuwa na mtwangaji, na mashahidi, na mfalme aliyeuidhinisha. Kilichokosekana ni mtu wa kuhesabu.

V. Wanaohesabu

Kuna watu siku hizi wanaohesabu. Tangu miaka ya 2000 hospitali na vyuo vikuu vya nje vimekuwa vikijaribu silosibini kwa wagonjwa wa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, hasa ile isiyosikia dawa. Jaribio moja kubwa lililotangazwa mwaka 2022 lilikuwa na wagonjwa 233 wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Hawakunywa chai. Walipewa kemikali safi iliyopimwa kwa miligramu. Wenye historia ya ugonjwa wa kuchanganyikiwa hawakuruhusiwa kuingia. Kila mmoja alikaa na mtaalamu chumbani tangu mwanzo hadi mwisho. Baada ya wiki tatu, katika kila wagonjwa 100 waliopata dozi kubwa, 37 walipata nafuu ya nusu au zaidi. Kwa waliopata dozi ndogo kabisa walikuwa 18. Baada ya wiki kumi na mbili, wa dozi kubwa waliobaki na nafuu hiyo walikuwa 20 tu katika 100. Na yaliandikwa maumivu ya kichwa, kichefuchefu, hata mawazo ya kujiua kwa baadhi yao.

Mnasikia tofauti? Hawa wamesema waziwazi: wengi hawakupona. Wameandika palipodhuru. Kikombe chao kinaweza kukosea, na kwa sababu hiyo kinaweza kuaminiwa kidogokidogo. Australia, kuanzia tarehe 1 Julai 2023, imewaruhusu madaktari wa akili wenye kibali maalumu kuitumia kwa sonona iliyoshindikana. Kijana akikwambia "hata madaktari wanatumia," mwambie ni kweli, kisha umwulize: ni daktari yupi atakayekaa nawe saa sita pale Mbamba Bay?

Wala msidhani elimu ya kuhesabu ni ya wageni. Ngoro zetu ni elimu hiyohiyo. Wamatengo, watu wa milima hii, walilaza majani kwa miraba kwenye mteremko, wakafukia udongo, wakaacha mashimo yashike maji. Mkulima akikosea mraba, mvua ya Januari ilimwambia. Udongo uliteremka bondeni, na njaa ikafuata. Hakuna aliyesema shamba halikuwa tayari. Walirekebisha, vizazi kwa vizazi, ndiyo maana milima hii bado ina udongo. Na bibi yangu alikuwa wa shule hiyo. "Siujui" ni neno la mtu anayekubali kwamba anaweza kukosea.

VI. Hatari zenyewe

Hatari ya kwanza ni kuokota uyoga usio wenyewe. Uyoga mdogo wa kahawia ni wa aina nyingi mno, na baadhi yake, kama ule uitwao Galerina, una sumu ileile ya Amanita phalloides. Sumu hiyo, amatoksini, haiondolewi kwa kuchemsha, kukausha wala kugandisha. Basi mwenye kudhani kwamba chai imeiva kwa hiyo ni salama, amekosea pabaya. Tena sumu hii ina hila. Mtu hukaa saa sita hadi kumi na mbili, wakati mwingine hata siku nzima, bila kuhisi kitu. Kisha huharisha na kutapika vibaya. Kisha hupata nafuu, na ndugu wanamshukuru Mungu. Wakati huohuo ini lake linakufa, na siku ya tatu au ya nne macho yanakuwa ya njano. Nafuu ile ni ya uongo. Msiiamini. Wala msiamini kijiko cha fedha, wala kitunguu kilichogeuka rangi, wala kwamba konokono ameula uyoga. Tumbo la konokono si tumbo lako.

Hatari ya pili ni kuuziwa kisicho uyoga. Kikombe cheusi hakisemi kilichochemshwa. Kuna mnanaha, unaoota wenyewe kando ya mashamba ya mahindi na vibanda vya ng'ombe, wenye matunda ya miiba. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, chakula cha msaada kilichochanganyika na mbegu za mmea huo kiliwafanya watu karibu 300 waugue, na watano wakafa. Mnanaha hukausha kinywa, hupandisha joto la mwili, na humfanya mtu aongee na wasiokuwepo akiamini wapo.

Hatari ya tatu ni mahali. Silosibini yenyewe huua kwa nadra sana. Kinachoua ni anachokifanya mtu akiwa ndani yake. Na mahali petu ni milima na ziwa. Ziwa Nyasa lina kina cha mita mia saba hivi, na pwani yetu sehemu nyingi inashuka ghafla. Mtu asiyejua umbali wala muda, anayeona maji yanamwita, ataingia. Mwingine atapanda pikipiki kushuka mteremko wa kwenda ziwani. Mwingine atakaa karibu na moto.

Hatari ya nne iko kichwani. Mwenye ndugu wa damu aliyewahi kuugua skizofrenia au ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, uyoga huu unaweza kumwamshia ugonjwa uliokuwa umelala. Anayetumia dawa ya lithiamu anaweza kupata degedege. Anayeacha dawa zake za akili ili anywe chai, amevunja daraja akiwa juu yake. Na wapo wachache ambao mauzauza ya macho huwarudia muda mrefu baada ya kikombe kuisha.

Ya tano ni sheria. Silosibini imo katika Jedwali la Kwanza la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971, na nchi yetu ina Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, ambayo adhabu zake ni nzito. Kijana wa kidato cha tatu hapaswi kuijua sheria hiyo kwa mara ya kwanza akiwa kituoni.

VII. Tufanye nini

Mtu akiwa amekula au kunywa uyoga usiojulikana, asisubiri dalili. Apelekwe hospitali, iwe ni Litembo, iwe ni Liuli, iwe ni zahanati iliyo karibu ili wampe rufaa. Chukueni mabaki ya uyoga, hata yaliyotapikwa, muyafunge kwenye karatasi mwende nayo. Semeni saa aliyokula. Msimpe maziwa wala mafuta kuua sumu, na msimlazimishe kutapika.

Mtu akiwa ameshikwa na hofu ya kikombe, msimwache peke yake. Mwondoeni karibu na maji, barabara na moto. Punguzeni kelele na taa. Mtu mmoja anayemwamini akae naye, amwambie kwa sauti ya taratibu yuko wapi na kwamba itaisha. Msimfunge kamba, msimpige. Akianza degedege, akipata joto kali, au akitaka kujidhuru, ni hospitali mara moja. Najua wengi wetu tutaita wachungaji, na maombi ni mema. Maombi yaende ndani ya gari linalokwenda hospitalini.

Wazazi, mtoto akikiri, msimfukuze. Aliyefukuzwa jana ndiye anayefichwa leo na wenzake chooni akitapika, kwa sababu wanaogopa baba kuliko kifo. Walimu, tuingize somo la uyoga shuleni, na mwalimu wake wa kwanza awe bibi wa kijiji, aje na kikapu chake mbele ya darasa. Wapo bado. Tukiwazika kabla hatujawauliza, watoto wetu watabaki na simu.

Nanyi vijana, siwaombi mniamini kwa sababu ya mvi zangu. Nawaombeni mkipewa kikombe chochote, cha uyoga, cha mganga, cha nabii, hata cha duka la dawa, mmwulize anayewapa maswali matatu. Hiki umekijuaje? Kimewahi kumdhuru nani? Kikinidhuru mimi, utakuwa wapi? Mwenye dawa ya kweli atawajibu, tena atawaonyesha alipoandika. Akisema hakijawahi kumdhuru mtu yeyote, mmekwisha kukutana na mwavi. Kirudisheni.

Yule mwanafunzi wa kidato cha tatu yuko humu ukumbini, mwalimu wake amenionyesha. Mwanangu, asante kwa kuuliza. Umenipa nafasi ya kusema mbele ya watu hawa wote neno la bibi lililonitoa machozi nikiwa na miaka saba, na ambalo limenilinda mpaka leo. Ukiletewa uyoga ambao huujui, useme hivyohivyo kwa sauti, hata kama wenzako watacheka: siujui. Halafu umwage kikapu chote.